Samaki ya Tisa ya Elila

Katika nyumba yetu pale Kindu, chumba cha nyuma kilikuwa na etajeri, rafu ya mbao, na juu yake bokali makumi mbili na ine, chupa za kioo za mudomo mupana. Ndani ya kila bokali kulikuwa samaki moja katika alkol, pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa na kreyo, kalamu ya risasi. Kumi na mbili zilikuwa za mto Lualaba, kumi na mbili za mto Elila. Wageni wakiziona walifikiri ni dawa. Bwana yangu aliwaambia, "Hapana, hizi njo watoto wapya wa bibi yangu. Hawakule, hawalie, hawaombe viatu." Bwana yangu ni muntu wa reli, na wantu wa reli wanatania hata kwenye musiba.

Maandiko kwenye zile karatasi yalikuwa ya binti yangu wa kwanza. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, nikitoka salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha barabara, nilipangusa vumbi kwenye bokali na kitambaa kibichi. Nilizipangusa moja moja, kwa mufuatano wa namba. Sikulia. Nilikuwa ninafanya vile muntu anavyopangusa sahani.

Muntu aliyeleta hii kazi nyumbani kwetu alikuwa asistan, mwalimu musaidizi, wa chuo kikuu. Alifika na masua, meli ya mto, ya Ubundu, mvua ilipokuwa inaisha, na abakosi, koti isiyovaliwa na tai, iliyopauka kwenye mabega na sanduku mbili za chupa tupu. Sokoni, pale nilipokuwa na meza yangu, tulimuita Asistan tu. Alipita kwenye meza za samaki akitafuta ile ndogo ya ndevu, yenye miiba tatu inayosimama sawa misumari, ile inayolia ukiitoa ndani ya maji. Wamama walimucheka.

"Asistan, hiyo ni chakula ya masikini. Chuo kikuu hawakupi kapiteni, samaki ya watajiri?"

"Siitafute juu ya kula, mama. Ninaitafuta juu ya kuisoma."

"Soma basi. Miiba itakujibu."

Alivumilia. Kisha akauliza nani kati yetu anajua kusoma na kuandika. Wote walininyooshea miye kidole, sababu nilikuwa ninamaliza mwaka wa tatu wa kalasi ya mangaribi, pale parokia. Nilianza kusoma nikiwa tayari na watoto tano. Jirani yangu wa meza, mama wa kiislamu ambaye tuliuza pamoja toka tulipokuwa vijana, alimuambia, "Twaa huyu. Hata hesabu ya Mungu anaijua." Alisema hivyo juu ya rozari, iliyokuwa kwenye shingo yangu siku zote.

Kazi ilikuwa hivi. Samaki ikifika, ikiwa imevuliwa leo, ninaipasua, ninatoa maini, ninayaweka kwenye chupa ndogo ya alkol. Mwili unaingia ndani ya bokali. Chupa na bokali zinapata namba moja. Maini yatasafiri, miili itabaki kwangu, sababu ni mizito na sanduku hazikutosha. Tuliandika na kreyo, sababu wino inakimbia ndani ya alkol, kreyo inabaki.

Binti yangu alikuwa kwenye mwaka wa ine wa shule ya segondere. Alitoka shule, akaweka kaye, daftari zake, chini, akakaa mezani karibu na Asistan. Yeye njo aliuliza. Miye nilipasua samaki, nilisikiliza.

"Asistan, mbona za Lualaba na za Elila zinafanana? Sokoni ziko na jina moja."

"Kwa macho zinafanana. Ndani haziko moja. Ni ndugu walioachana zamani."

Alimueleza kwamba ndani ya kila kipande cha mwili kuko maandiko marefu sana, wao wanayaita ADN, wengine DNA, na njo yanayofanya samaki ikuwe samaki na muntu akuwe muntu. Lakini kurasa mingi katika yale maandiko hazisemi kitu. Kuko neno moja fupi, linarudiliwa, linarudiliwa, mara elfu na elfu.

"Sawa mutoto wa shule aliyepewa punisheni," binti yangu alisema. "Andika mara mia: sitachelewa tena."

Asistan alicheka, akaacha kazi. "Njo vile. Na yule mutoto anachoka, kwenye mustari wa makumi tatu anakosea herufi moja. Kisha anaanza kuandika akiangalia mustari wake wenyewe wa juu. Sasa?"

"Kosa linashuka nayo mpaka chini."

"Linashuka mpaka chini. Sasa weka watoto wawili, kila mumoja kwenye chumba chake. Wote walipewa mustari moja. Muda ukipita, kila mumoja yuko na kosa lake, na amelirudilia mahali pote. Ukisoma kaye unajua ni ya nani, na unajua tena kwamba walianza pamoja. Lualaba ni chumba moja. Elila ni chumba kingine."

Alisema wakubwa wengine wa sayansi wanayaita yale maneno takataka, sababu hayaonyeshe kazi. Yeye alisema pale njo tunaona ndugu wakianza kuachana, kabla ya macho kujua. Binti yangu aliniangalia. "Mama, na rozari yako? Salamu Maria makumi tano, zote moja." Nilimuambia aache kutania na Mungu. Mangaribi nilipokuwa ninasali nililifikiria kidogo, kisha nikaacha.

Tulimaliza kumi na mbili za Lualaba kwa juma moja. Asistan alitaka kwenda upande wa Kama, kuangalia mito midogo ya kule. Aliniachia kazi ya Elila. Elila inaingia ndani ya Lualaba karibu na Kindu, na wamama wa kule wanakuja sokoni na mitumbwi. Aliniambia maneno mawili. La kwanza: nunua tu kwa mama aliyetoka Elila yenyewe. La pili: kama samaki moja imeharibika, acha nafasi yake wazi. "Usiweke ingine, mama. Nafasi wazi si haya. Nafasi wazi ni jibu." Binti yangu alikuwa pale. Ile jioni aliandika karatasi zote, samaki zenyewe bado kufika: Elila 1, Elila 2, mpaka Elila 12. Alizipanga juu ya meza na jiwe juu yake, upepo usizibebe.

Homa ilimushika siku ya ine ya juma. Siku ya mbili ya juma lililofuata tulimuzika.

Sitaandika mingi hapa. Wamama wa parokia walikuja, walilala kwenye mikeka siku zote za matanga. Jirani yangu wa kiislamu alileta muchele na akafagia uwanja wetu kila asubui. Padri alisema maneno mazuri na sikushika hata moja. Nilisali, midomo ilifanya kazi yenyewe, vidole vilipita kwenye punje. Nilikuwa ninaangalia mikono yangu sawa mikono ya muntu mwengine.

Nilirudi sokoni, siku ya ngapi sikumbuki. Jirani yangu aliniambia dada yake amefika asubui toka Elila na ile samaki ya Asistan, iko ndani ya kitunga, bado inalia. Sikuwa nimefikiria Asistan hata kidogo. Nilisema, "Nipe kumi na mbili." Jirani alihesabu kwa sauti, akaziweka ndani ya beseni yangu. Kisha akanyoosha mukono pembeni, akatwaa moja tena, akaitia juu ya zingine.

"Na hii matabishi yako, mama. Mungu akushike."

Kila muntu wa Kindu anajua hiyo. Ukinunua, muuzaji anakuongezea kidogo. Usipoongeza, unaitwa muntu wa roho ngumu, na mununuzi hatarudi kwako. Na ukimuongezea mama mwenye musiba, haiko tena biashara. Sikuuliza mukono wake ulienda wapi. Nilisema asante.

Nyumbani nilipasua. Miiba ilinichoma mara mingi, damu ilitoka, sikusikia maumivu. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Ya tisa ilikuwa imekanyagwa chini ya kitunga, tumbo limepasuka, maini yamegeuka maji. Niliitia kwenye taka. Kisha niliona karatasi. Elila 9. Tisa yake ilikuwa na mukia murefu unaopinda chini, hivyo njo alivyoandika toka mudogo, mwalimu alimukaripia na hakuacha. Karatasi ilikuwa pale juu ya meza, na haikuwa na samaki.

Nilitwaa matabishi. Nilipasua, maini kwenye chupa, mwili kwenye bokali, karatasi ndani. Niliendelea na ya kumi.

Asistan aliporudi toka Kama walimupasha habari njiani. Alikaa nasi kwenye mukeka muda murefu, na kwa hiyo nilimushukuru. Mbele ya kuondoka alihesabu bokali.

"Kumi na mbili. Hata moja haikuharibika?"

"Ziko kumi na mbili," nilisema.

Zilikuwa kumi na mbili. Siku zile sikusikia uwongo ndani yake.

Mwaka ulipita. Nilipangusa bokali. Nilimaliza kalasi ya mangaribi, walinipa karatasi ya kumaliza, bwana yangu aliipigilia kwenye ukuta karibu na picha ya Bikira Maria. Watoto walikuwa wanakula, walikuwa wanakua. Wantu walisema nimekuwa hodari. Sikuwa hodari. Sikuwa kitu.

Kisha Asistan alirudi, siku ya ine moja, amenenepa kidogo, na bahasha kubwa chini ya kwapa. Alikuwa ametoka Ulaya, kwenye labo, maabara ya profesa wake. Aliketi kwenye kiti kilekile mezani, akatoa foto. Foto ilikuwa nyeusi, na juu yake mistari mieupe imesimama kama ngazi mingi pamoja, ngazi moja kwa samaki moja. Alieleza kwamba wanakata yale maandiko na dawa, na lile neno linalorudiliwa linaanguka vipande vipande na kujipanga hivyo.

"Angalia, mama. Hizi kumi na mbili, Lualaba. Vidaraja viko hapa, hapa, hapa. Zote sawa. Hizi ni Elila. Vidaraja vimeshuka, unaona? Chumba kingine, kosa lingine." Kidole chake kilipita, kikasimama. "Na sasa angalia huyu."

Kati ya ngazi za Elila kulikuwa moja yenye vidaraja vya Lualaba.

"Ya tisa," alisema. "Iko ndani ya Elila, lakini kaye yake ni ya Lualaba. Wote walifikiri hizi ndugu zimeachana kabisa. Huyu anaonyesha kwamba bado zinapita kwa chumba cha mwenzake. Profesa wangu alikaa nayo siku tatu. Hii samaki moja njo doktora yangu, mama. Nimeiandikia sura nzima. Siku ya kwanza ya juma ninapanda masua, ninaenda kuitetea mbele ya maprofesa."

Kisha akashusha sauti. "Na kwenye ukurasa wa mbele, pa kushukuru, nimeandika jina la binti yako. Juu ya maandiko yake. Litachapwa. Litakaa ndani ya bibliyoteke ya Ulaya, nyumba ya vitabu."

Nilisema ni vizuri. Nilimupa chai. Nilijua tayari, lakini kujua kwangu wakati ule kulikuwa mbali, sawa mwangaza wa taa kwa ngambo ya mto.

Kesho yake nilimuuliza jirani yangu sokoni.

"Dada, ile siku ya samaki ya Elila, nyuma ya matanga. Matabishi uliitwaa wapi?"

"Matabishi ya mwaka jana? Weye mama, unataka kuirudisha?"

"Ninauliza tu."

Alifikiri. "Kitunga ya dada yangu ilikuwa imebaki na zilizopondeka. Singekupa iliyopondeka, weye mwenye musiba. Nilitwaa kwa Wagenya, wavuvi wa Lualaba, pale pembeni. Zao zilikuwa nzuri, zimetoka kuvuliwa hapa hapa mbele ya mugini."

"Haukuniambia."

"Niambie nini? Matabishi haihesabiwe."

Alikuwa na haki. Matabishi haihesabiwe, hapo zamani na hata leo.

Jioni nilimueleza bwana yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha alisema, "Wacha. Samaki imekufa. Kijana amesoma miaka mingi, sasa anafika, weye unataka kumukata miguu juu ya kitunga ya sokoni?" Baadaye, kwa sauti ingine, akasema, "Na jina la mutoto?"

Nilikuwa nimelifikiria jina. Nililifikiria kuliko samaki. Jina lake lilikuwa juu ya musalaba wa mbao kwenye makaburi, na mvua mbili zilikuwa zimekwisha kulikula nusu. Karatasi za Ulaya hazinyeshewe.

Nilisali rozari. Nilifika kwenye fumbo la tatu na sikujua nimesema Salamu Maria ngapi. Nilirudi mwanzo. Nilipotelea pale pale. Mara ya tatu niliacha punje, nilikaa tu. Nilifikiri hivi: jina lake likichapwa mbele ya ile samaki, litakuwa limesimama mbele ya uwongo wangu, na yeye hakuandika uwongo. Aliandika Elila 9 juu ya samaki ambayo hakuiona. Miye njo niliigeuza.

Siku ya posho ilikuwa salongo. Selile yetu, wantu wa mutaa wetu, ilipewa mufereji wa barabara inayoenda kituo cha gari la moshi. Asistan naye alitoka na panga, sababu hata mugeni hakukosa, na mukubwa wa selile alikuwa anasoma majina. Nilijisogeza karibu naye na jembe langu.

"Asistan, ile samaki ya tisa si ya Elila."

Alikuwa anakata majani. Hakuacha. "Ni ya Elila, mama. Bokali inasema."

"Bokali inasema vile miye niliweka. Ya tisa iliharibika. Niliweka matabishi kwa nafasi yake."

"Matabishi gani?"

"Ya sokoni. Ukinunua kumi na mbili, wanakuongezea moja."

"Ninajua matabishi ni nini." Panga ilisimama. "Ilitoka wapi?"

"Kwa kitunga ya Wagenya. Lualaba. Nimeuliza jana."

Aliketi kwenye ukingo wa mufereji, panga kwenye magoti. Mukubwa wa selile alimuona toka mbali, akamuita sitwayeni, yaani mwananchi, vile serikali ilitaka tuitane.

"Sitwayeni wa chuo kikuu, wenye diplome hawalime?"

Wantu walicheka. Mumoja alisema, "Wacha, anafikiria mufereji kwa kifaransa." Asistan hakusikia. Uso wake ulikuwa umepauka sawa ile abakosi.

"Mwaka muzima," alisema.

Nilivuta majani aliyokata na jembe langu.

"Nilikuambia uache nafasi wazi."

"Uliniambia."

"Sasa kwa nini?"

Nilitafuta jibu la kanisa, sikulipata. Nilisema lile lililokuwako. "Karatasi ilikuwa imeandikwa tayari."

Aliniangalia. Niliona akihesabu siku ndani ya kichwa, siku ya karatasi, siku ya homa, siku ya Elila. Hakuuliza tena. Alisimama, akaendelea kukata majani mpaka mukubwa wa selile alipopiga filimbi, na miye nililima karibu naye.

Kisha tulienda nyumbani, yeye mbele. Aliingia chumba cha nyuma, akashusha bokali ya tisa, akaiweka mezani pa mwangaza. Nilifikiri ataimwaga inje. Nilikuwa tayari nimejiambia kwamba nitamuomba karatasi tu.

"Hatutupe," alisema. "Samaki haikukosa kitu. Tunaandika."

Alifungua kifuniko. Na pensi, koleo ndogo ya chuma, alivuta karatasi, akaitandika juu ya kitambaa ikauke kidogo. Maandiko hayakuwa yamefutika hata kidogo. Alitoa kreyo mufukoni. Nilingoja aandike. Alinipa miye.

"Andika weye. Weye njo unajua. Usifute yake, andika chini."

"Na doktora?"

"Nitaenda Elila miye mwenyewe, nitavua na mikono yangu. Sura nitaitoa. Profesa atakasirika." Alipangusa pensi. "Jina, sijui kama nitamaliza, mama. Nikimaliza, litakaa palepale."

Hakusema asante, na sikuingojea. Siku ya kwanza ya juma hakupanda masua. Alipanda mutumbwi wa kwenda Elila, pamoja na dada ya jirani yangu, amebeba beseni tupu kichwani sawa mama wa sokoni, na soko muzima lilimucheka mpaka akapotea.

Lakini ile siku ya posho nilikuwa bado mezani na kreyo. Herufi zangu ni kubwa, ni za muntu aliyejifunza akiwa na watoto. Zilijaza nafasi yote iliyobaki. Chini ya Elila 9, chini ya ile tisa yenye mukia, niliandika: Hapana. Lualaba. Matabishi ya soko. Nilikunja karatasi vile ilivyokuwa, nikairudisha ndani ya bokali kwa vidole, nikasahau pensi. Asubui ile nilikuwa nimepasua samaki za chakula, na miiba ilikuwa imenitoboa.

Alkol iliingia kwenye vidonda. Nilivuta mukono, nikasema aa. Mutoto wangu wa mwisho alitokea mulangoni kuona.

"Mama, inauma?"

"Inauma," nilisema. Nilifunga kifuniko, nikarudisha bokali kati ya ya nane na ya kumi.